Wa Pili kwenye Orodha: Kisa cha Kiungo Mwanaharakati Aliyekosa Mkataba

## Kabla ya kuanza

Kisa hiki nilikuwa ndani yake. Nilikuwa mchambuzi wa takwimu katika kamati ya usajili ya klabu moja ya soka la kulipwa, na mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za vikao ninavyovieleza hapa. Nimeondoa jina la klabu, nchi, ligi, mwaka na mchezaji. Umri, alama na idadi ya mechi nimezigeuza kidogo, bila kuharibu uwiano wake. Mchezaji nitamwita Kiungo, kwa kuwa ndiyo nafasi aliyocheza. Maneno ya vikaoni nimeyaeleza kwa maana yake, isipokuwa sentensi moja niliyoinakili siku hiyohiyo.

Nakiandika kwa ajili ya watu wanaokaa kwenye vikao vya namna hii: makocha, wasaka vipaji, wakurugenzi, na wachambuzi wenzangu ambao mara nyingi huwa wadogo kuliko wote mezani. Swali tunaloulizwa ni kama mchezaji anayejitokeza kwenye mambo ya siasa hukosa kazi kwa sababu hiyo. Watu wa klabu hujibu kwamba hapana, sisi tunaangalia mpira tu. Wanaomuunga mkono hujibu kwamba ndiyo, wamekula njama na kumfungia milango. Nilichokiona hakifanani na jibu lolote kati ya hayo. Mlango haukufungwa. Alipoufikia, kizingiti kilikuwa kimeinuliwa, na kila aliyeshiriki kukiinua aliamini kwa dhati kwamba hajakigusa.

## Usuli

Klabu yetu ilikuwa ya katikati ya msimamo: haikuwania ubingwa, haikuogopa kushuka. Kiungo mkabaji wa kwanza tulikuwa naye na alikuwa imara. Tulichokosa ni wa pili, yaani mtu wa kumpumzisha mwenzake, kuingia dakika ya 70 kulinda bao, na kuanza mechi 10 hadi 15 kwa msimu. Fedha ya kununua haikuwepo, hivyo tulitafuta mchezaji huru wa mkataba wa miaka miwili.

Kamati ilikuwa na watu watano: mkurugenzi wa michezo, kocha mkuu, msaka vipaji mkuu, mkurugenzi wa biashara na mimi. Kabla ya kuona jina lolote tulikubaliana vigezo sita na uzito wa kila kimoja: uwezo wa kupora mpira, usahihi wa pasi anapobanwa, dakika alizocheza misimu mitatu ya mwisho, historia ya majeraha, mshahara anaoutaka, na sifa zake chumbani kwa wachezaji. Jumla alama 100. Karatasi hiyo nimeihifadhi hadi leo, na bila karatasi hiyo kisa hiki kisingekuwa na la kufundisha.

Kiungo alikuwa na miaka 29. Alikuwa amecheza misimu sita katika ngazi ya juu na hakuwa ameumia vibaya kwa muda mrefu. Msimu uliotangulia, yeye na wenzake watatu wa klabu yake ya zamani waliingia uwanjani kupasha misuli wakiwa wamevaa fulana zenye idadi ya watu waliofia mikononi mwa polisi mwaka ule. Walizivua kabla ya mechi. Ligi haikuwafungulia shauri lolote. Wiki chache baadaye, siku ya mapumziko, alipanda jukwaani kwenye mkutano wa familia za marehemu na kutaka uchunguzi huru. Picha yake akiwa ameshika kipaza sauti ilisambaa. Mkataba wake ulipoisha, klabu ile haikumwongezea.

## Yaliyotokea

Wiki ya kwanza tulianza na majina tisa tukabaki na manne. Wa kwanza alipata alama 84. Kiungo alikuwa wa pili kwa alama 81. Wa tatu alipata 74, wa nne 70. Kocha alisema waziwazi kwamba yeyote kati ya wawili wa juu angemfaa, na kwamba pengo kati yao na wa tatu analiona hata kwa macho, bila takwimu zangu.

Wiki ya pili, yule wa kwanza alisaini kwingine. Kwa utaratibu wetu, aliyefuata alikuwa Kiungo. Mkurugenzi wa michezo alimpigia wakala wake, na majibu yalikuja mazuri kuliko tulivyotarajia: mchezaji anajua anakuja kuwa wa pili, hana tatizo na benchi, na mshahara anaoutaka uko chini ya kikomo chetu. Msaka vipaji naye aliwapigia watu watatu waliowahi kufanya naye kazi, nahodha wa zamani, kocha msaidizi na mtunza vifaa. Mtunza vifaa ndiye niliyemwamini zaidi, kwa sababu wachezaji hawajipambi mbele ya mtu anayefua jezi zao. Alisema jamaa anawahi mazoezini na anawajua wafanyakazi wote kwa majina. Nahodha alieleza kuwa wachezaji wawili walipingana naye kuhusu zile fulana, wakabishana kwenye basi, kisha wakaendelea kucheza pamoja kama kawaida.

Wiki ya tatu, Jumatatu, mkurugenzi wa biashara alisema ni lazima tuzungumzie "lile jambo". Aliliita hivyo, na sote tukaendelea kuliita hivyo. Nimezipitia kumbukumbu zangu mara nyingi tangu hapo: kuanzia siku ile hadi uamuzi ulipotoka, neno siasa halikutamkwa hata mara moja. Tulisema "lile jambo", tukasema "kelele", tukasema "mazingira ya sasa". Kocha aliuliza kama kuna mdhamini aliyelalamika. Hakuna. Akauliza kama kuna aliyeulizwa. Hakuna pia, maana kuuliza, alijibiwa, kungekuwa ni kuamsha aliyelala.

Alhamisi mwenyekiti wa klabu alihudhuria. Maswali yakaanza kumiminika, na kila moja lilikuwa la kimpira kabisa. Je, miaka 29 si mingi kwa mkataba wa miaka miwili? Miguu itahimili? Daktari aliombwa apitie upya taarifa za afya, akarudi na jibu lilelile, kwamba hana tatizo. Je, kweli atakubali benchi? Wakala alikuwa ameshajibu, lakini swali liliulizwa tena kana kwamba ni jipya. Je, anaendana na vijana wetu? Hapo mwenyekiti akasema sentensi niliyoinakili: "Angekuwa mfungaji wa mabao 20 tungevumilia. Kwa mtu wa benchi, ya nini?"

Hakuna aliyejibu. Kocha alitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. Mimi pia nilinyamaza. Nilikuwa na alama zote kwenye kompyuta yangu na sikufungua mdomo.

Ijumaa tulimsajili wa tatu, kijana wa miaka 24, kwa mshahara mkubwa kidogo kuliko aliotaka Kiungo.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuongeza kigezo katikati ya safari. "Hatari ya kelele" haikuwemo kati ya vigezo sita. Ilipoingia haikupewa uzito wala kipimo, na ilitumika kwa jina moja tu. Sababu iliyotolewa ni tahadhari, na sidhani aliyeitoa alidanganya. Mkurugenzi wa biashara alikuwa na mikataba miwili ya udhamini inayokaribia kuisha, na kazi yake ni kuiona hatari kabla haijafika.

Uamuzi wa pili ni wa kumruka aliyekuwa zamu yake. Sababu iliyosemwa mezani ni ile sentensi ya mwenyekiti. Sababu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ni "sababu za kiufundi na umri". Niliiandika mimi, kwa maelekezo, nikijua kwamba mchezaji tuliyemweka wa kwanza wiki mbili kabla alikuwa na miaka 30 na hakuna aliyewahi kutaja umri wake.

Wa tatu ulikuwa wa nini aambiwe wakala. Mkurugenzi wa michezo alimpigia na kumwambia, "Kaka, kocha ameamua kwenda na damu changa." Kocha hakuamua hivyo. Wakala alishukuru na kukata simu, na kwa sauti yake nadhani alikuwa amesikia sentensi ya aina hiyo kutoka kwa klabu kadhaa kabla yetu.

## Matokeo

Kijana tuliyemsajili alicheza vizuri kiasi chake. Alianza mechi 11, hakutuangusha wala hakutuinua, na tulimaliza pale tulipokuwa tunamaliza siku zote. Siwezi kudai kwamba Kiungo angetupa alama nyingi zaidi. Mtu wa nafasi ile habadilishi msimu, na anayeahidi kwamba haki hulipa kwenye msimamo wa ligi anaahidi kisichopimika.

Wadhamini wote wawili waliongeza mikataba yao. Kwa wengine klabuni huo ulikuwa ushahidi kwamba tulifanya vyema. Haukuwa ushahidi wa chochote, kwa kuwa hatukujua wangefanya nini kama tungemsajili.

Kiungo alibaki bila timu hadi dirisha la usajili likafungwa. Baadaye alijiunga na klabu ya daraja la chini kwa mkataba wa miezi sita, akacheza mechi zote.

Kisha likatokea jambo ambalo lilinifanya nianze kuandika haya. Mwezi wa pili wa msimu, mshambuliaji wetu tegemeo alichapisha ujumbe mrefu mtandaoni kuhusu suala lilelile la vifo mikononi mwa polisi, kwa maneno makali kuliko aliyoyatumia Kiungo. Ndani ya saa chache klabu ilitoa tamko la kumuunga mkono, ikisema inajivunia wachezaji wanaojali jamii. Tamko lilipitia meza ya mkurugenzi yuleyule wa biashara. Hakuna mdhamini aliyepiga simu.

## Uchambuzi

### Je, ni harakati kweli zilizomkosesha?

Swali hili ni gumu kwa sababu uamuzi wa usajili una sababu nyingi, na kwa mchezaji wa kawaida daima itapatikana sababu halali ya kumkataa. Umri upo, mtindo wa uchezaji upo, mshahara upo. Mtu mwenye nia njema kabisa anaweza kuziokota hizo na kuamini ndizo zilizomwongoza.

Kipimo ninachokitumia ni kutazama kama sababu iliyotolewa kwa mmoja ilitumika kwa wengine waliokuwa kwenye karatasi ileile. Umri haukutumika kwa yule wa miaka 30. Uchunguzi wa pili wa afya haukuombwa kwa mwingine yeyote. Mshahara, ambao ulikuwa kigezo rasmi, ulipuuzwa kwa faida ya wa tatu. Kwa hiyo kwa kisa hiki naweza kusema bila kusita: ndiyo, harakati zilimkosesha. Ila naweza kusema hivyo kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba vigezo viliandikwa kabla ya majina. Bila ile karatasi, leo ningekuwa na hisia tu.

Kipimo hicho ndicho watu walichojaribu kukitumia, kutoka nje, kwa kisa kinachojulikana kuliko vyote, cha Colin Kaepernick. Alikuwa kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, wa San Francisco 49ers, timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, na aliifikisha timu hiyo kwenye Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, Februari 2013. Agosti 2016 alianza kukaa wakati wa wimbo wa taifa, kisha akapiga goti, akipinga ukatili wa polisi dhidi ya Wamarekani weusi. Msimu ule alirusha pasi 16 za mabao na kuporwa mpira mara 4 tu, ingawa timu yake ilimaliza na ushindi wa mechi 2 kati ya 16. Machi 2017 alijitoa kwenye mkataba, na uongozi wa timu ukaeleza kwamba hata asingejitoa wangemwacha. Hakucheza tena NFL.

Hapo ulinganisho ndio unaosema. Seattle Seahawks walikutana naye Mei 2017. Kocha wao alisema hadharani kwamba ni mchezaji wa kiwango cha kuanza, na wao tayari wanaye wa kuanza. Nafasi ya msaidizi ikaenda kwa Austin Davis. Kumkataa mtu kwa kuwa ni mzuri mno kwa benchi ni sababu isiyosikika mara nyingi katika vikao vya usajili. Agosti mwaka huohuo Miami Dolphins walipoumiziwa kwotabeki wao, walimrudisha Jay Cutler aliyekuwa ameshastaafu na kupata kazi ya utangazaji. Lakini hapa lazima tuwe waadilifu: kocha wa Miami aliwahi kumfundisha Cutler huko Chicago, na kwotabeki anayeujua mfumo wako ni hazina kunapokuwa na wiki chache kabla ya ligi. Ukitazama kila timu peke yake, kila moja ina maelezo. Ukizitazama timu zote 32 kwa pamoja, misimu ikipita mmoja baada ya mwingine, maelezo hayo yanazidi kuwa mepesi. Kamati yetu ilikuwa moja tu, na ndani yake nimeona jinsi maelezo yanavyotengenezwa na watu ambao hawakuwasiliana na klabu nyingine yoyote. Kila mmoja alijihesabia hasara ya dhana, kila mmoja akafika palepale.

### Kizingiti hupanda kwa wa katikati

Sentensi ya mwenyekiti ilinifundisha kuliko takwimu zangu zote. Ilikuwa kweli. Kwa mfungaji wa mabao 20 tungevumilia, na miezi miwili baadaye tulivumilia kwa fahari, kwa tamko rasmi. Siasa ya mchezaji ina bei katika vichwa vya viongozi, na bei hiyo hukatwa kutoka kwenye ubora wake. Mwenye ubora wa kubaki hubaki. Aliye katikati, ambaye tofauti yake na mwenzake ni alama saba, hana akiba ya kukatwa.

Ndiyo maana kutaja nyota wanaosema watakacho na kuendelea kucheza hakuthibitishi kwamba milango iko wazi. Tazama kikapu. Craig Hodges alikuwa mdunguaji wa mitupo ya mbali wa Chicago Bulls, bingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mara mbili, 1991 na 1992, na mshindi wa shindano la mitupo ya pointi tatu miaka mitatu mfululizo. Timu ilipoalikwa Ikulu ya Marekani baada ya ubingwa wa kwanza, alikwenda amevaa dashiki akampelekea rais barua kuhusu hali ya Wamarekani weusi na maskini. Mwaka 1992 timu ilimwacha, na hakuna nyingine iliyomchukua. Alikuwa na miaka 32 na alikuwa akitokea benchi, kwa hiyo sababu ya kimpira ilikuwa tayari mezani kwa yeyote aliyeitaka. Aliishtaki ligi mwaka 1996, na kesi ilianguka kwa kuwa muda wa kushtaki ulikuwa umepita.

Mahmoud Abdul-Rauf anaonekana kuivunja hoja yangu. Alikuwa na wastani wa pointi 19.2 kwa mechi pale Denver Nuggets, msimu wa 1995 hadi 1996, alipokataa kusimama wakati wa wimbo wa taifa. Machi 1996 alifungiwa mechi moja, akakatwa dola 31,707, kisha wakakubaliana asimame akiwa ameinamisha kichwa na kuomba dua. Miezi michache baadaye aliuzwa kwa Sacramento Kings. Huyo hakuwa wa benchi. Lakini fuata safari yake: kwa kiwango kile bado ilipatikana timu ya kumchukua. Mkataba ulipoisha mwaka 1998, na takwimu zikiwa zimeshuka, hakupata mwingine huko, akaenda Uturuki, na alirejea NBA kwa msimu mmoja tu. Ubora ulimnunulia muda. Ulipopungua, deni lilikuwa bado linamsubiri.

### Hofu isiyo na mwenyewe

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hofu iliyotuongoza haikuwa ya mtu yeyote. Mkurugenzi wa biashara hakumchukia mchezaji. Alihofia wadhamini. Wadhamini hawakusema kitu, na kama wangesema, wangesema wanahofia wateja. Mashabiki wetu hawakuulizwa. Kila mmoja aliibeba hofu ya mwingine ambaye hayupo chumbani, na kwa sababu haikuwa na mwenyewe, hakuna aliyeweza kuhojiwa. Kocha alijaribu kwa maswali yake mawili ya Jumatatu, yakajibiwa kwa methali, naye akaacha.

Sisemi kelele ni hadithi tupu. Zipo. Klabu inaweza kuzongwa na waandishi kila baada ya mechi, chumba kinaweza kugawanyika, mdhamini anaweza kweli kuondoka, na mwajiri anayelipa mishahara ya mamia ya watu ana haki ya kulifikiria hilo. Ningeiheshimu kamati iliyosema: tumeuliza wadhamini wawili, mmoja amesema ataondoka, thamani yake ni kadhaa, tumeamua hivi. Huo ungekuwa uamuzi wenye mwenyewe. Mchezaji angeweza kuambiwa, wanachama wangeweza kuupinga, na mdhamini angewajibika kwa kauli yake. Wetu ulikuwa wa kukisia. Na makisio yetu yalikuwa na mwelekeo mmoja: hakuna aliyekisia mashabiki ambao wangempenda, ingawa jezi za Kaepernick ziliongoza kwa mauzo kwenye duka la mtandaoni la NFL Septemba 2016, alipokuwa akipiga goti.

### Sheria inamlinda nani

Mwanasheria wa klabu hakuitwa kwenye vikao vyetu, na hakuhitajika. Hapa pana jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui hadi limewakuta. Aliye na mkataba ana kitu cha kupigania. Anwar El Ghazi alifukuzwa na Mainz ya Ujerumani Novemba 2023 kwa sababu ya machapisho yake mtandaoni kuhusu vita vya Gaza. Alikwenda mahakama ya kazi, na Julai 2024 ikaamua kwamba kufukuzwa kwake ni batili. Palikuwa na mkataba, barua, tarehe na sababu iliyoandikwa. Hakimu alikuwa na cha kusoma.

Asiyeajiriwa hana barua. Kaepernick alipowasilisha malalamiko Oktoba 2017, mkataba wa pamoja kati ya NFL na wachezaji ulimtaka athibitishe kuwa klabu zilishirikiana kumzuia. Kutosajiliwa peke yake hakutoshi kuwa ushahidi, na klabu moja ikiamua kivyake haijavunja kitu. Agosti 2018 msuluhishi alikataa ombi la ligi la kuyatupa malalamiko hayo, na Februari 2019 pande mbili zikamalizana kwa masharti ya siri, pamoja na Eric Reid, mwenzake aliyepiga naye goti tangu mwanzo na ambaye naye alikaa bila timu hadi Septemba 2018. Kiungo wetu hata angetaka kulalamika asingekuwa na pa kuanzia. Alichokuwa nacho ni simu ya dakika mbili kuhusu damu changa.

### Kilichofanya kazi

Ni machache, nayo yalifanyika mapema. Kupanga vigezo kabla ya majina. Kuwapigia watu wa chini, kama mtunza vifaa, badala ya kutegemea gumzo la mitandaoni, maana ndiko tulikojua kwamba chumba cha klabu yake ya zamani hakikuvunjika. Na maswali ya kocha, ambayo yalikuwa sahihi na yaliulizwa kwa wakati, ila yaliachwa bila msaidizi. Msaidizi huyo alipaswa kuwa mimi. Mchambuzi anayeona kigezo kipya kikiingizwa kwa jina moja tu ana wajibu wa kusema: kiwekeni kwa wote wanne, nami nitahesabu upya. Sentensi hiyo haimtukani mtu. Ningeweza kuisema hata mbele ya mwenyekiti, na ingewalazimu ama kukiandika kigezo au kukiacha.

## Tulichobadilisha na kilichokwama

Msimu uliofuata nilipeleka mapendekezo matatu kwa mkurugenzi wa michezo. La kwanza, kigezo kinachoongezwa baada ya majina kujulikana kitumike kwa wote waliobaki kwenye orodha, na alama zihesabiwe upya. La pili, anayetaja hatari ya nje ya uwanja aandike ni nani aliyesema, lini, na hasara gani inatarajiwa. La tatu, sababu anayoambiwa wakala ilingane na iliyoandikwa kwenye kumbukumbu.

La kwanza lilipita bila ubishi. La pili lilipita baada ya mabishano marefu, na athari yake ilinishangaza: katika madirisha mawili yaliyofuata, safu ile ya hatari ya nje ilijazwa mara moja tu, kuhusu mchezaji aliyekuwa na kesi ya kumpiga mtu, na iliambatanishwa na hati ya mahakama. Hofu nyingine zote hazikuvumilia kuandikwa. La tatu lilikataliwa. Niliambiwa kwamba mazungumzo na mawakala yana adabu zake, na kwamba ukweli wote huharibu uhusiano. Naendelea kulidai kila mwanzo wa dirisha, na kocha mpya ameanza kuliunga mkono.

Niliomba pia kumbukumbu za kikao kile cha Alhamisi zirekebishwe, iongezwe sentensi inayoeleza kilichozungumzwa. Mwenyekiti alisema kumbukumbu zilishathibitishwa na hazifunguliwi. Kwenye faili bado zinasomeka kwa mwandiko wangu: sababu za kiufundi na umri.